Mtani wa Magurudumu Mawili

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba baiskeli zote za Morogoro zimeitwa kwenye usaili, na kazi inayogombewa ni kunibeba mimi.

Sikushangaa. Nilikuwa nimelala nikiwaza kwamba kukicha nitakwenda kununua baiskeli ya mlimani, kwa hiyo niliona ni sawa tu wahusika wakutane mapema kunijadili. Tena niliona wamechelewa kidogo.

Niseme kwanza kwa nini naitaka baiskeli hiyo. Mama yangu anaishi Kilungwi, juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, mahali ambapo gari haliendi na simu haishiki. Miguu yake haimruhusu kuteremka. Yangu nayo haipendi kupanda, maana mimi ni mtu mnene. Sizungumzii ule unene wa kusifiwa harusini, nazungumzia unene wa kuachiwa benchi zima kanisani. Magoti yangu yamechoka kugonga mawe, ingawa daktari anasema kunyonga pedali yatavumilia. Vijana wa bodaboda nao wakiniona wanakumbuka ghafla kwamba kuna abiria anawasubiri upande mwingine wa mji. "Nisubiri hapo mzee wangu, nakuja sasa hivi." Nimesubiri sana hapo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mimi ni mzito. Wote wana adabu zao, na kwa adabu hizo mama hajamwona mwanawe wa pekee tangu mvua za masika. Jambo hilo linaniuma kuliko magoti.

Mke wangu Skolastika, kabla hajazima taa, alisema neno moja tu. "Baba Gaudensia, kesho chagua itakayokubeba. Itakayokupendeza iache hukohuko dukani."

Basi usaili ulikuwa unafanyika katika ukumbi wa parokia. Mlangoni alisimama mpokea wageni, naye alikuwa kile kipimo cha kliniki cha kupimia watoto wachanga, cha kuning'iniza, chenye kikaptula cha kitambaa chini yake. Kiliniangalia kwa ile sahani yake ya namba.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu kilinipima nikiwa na wiki sita.

"Marahaba. Umekua. Uzito?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu, au niliona kama kuna watu. Nikashusha sauti. "Tisini."

"Tisini na ngapi?"

"Tisini kamili."

Kikaptula kikayumba kidogo. "Haya. Hapa siku hizi hatupimi, tunaamini. Ulichokitaja ndicho kitakachobebwa. Pita."

Ndani, baiskeli zimekaa kwenye viti vya plastiki, gurudumu juu ya gurudumu. Zote zinanitazama. Nyingine imevaa tai. Najikuta nimepewa kiti cha mbele ambacho hakina mikono pembeni, nikashukuru kimoyomoyo.

Ya kwanza kusimama ni nyekundu. Ina mng'aro, ina tairi nyembamba, ina michirizi ya fedha ubavuni, na ina sauti ya mtu anayesoma matangazo ya redio. "Bosi wangu, karibu sana. Umenawiri! Hivi kweli una hata hizo tisini? Mimi nakuona themanini na tano."

Moyo wangu ukafurahi. Najua kwamba mtu mwenye akili angeanza kuhesabu spoki, angeshika rimu, angeuliza mwisho wa mzigo ni kilo ngapi. Mimi nilinyoosha shati.

"Spoki zako ngapi?" niliuliza hata hivyo, ili nisionekane mjinga.

"Zinatosha, bosi. Kwa mtu mwepesi kama wewe hata hizi ni nyingi."

Nikapanda. Mlango wa ukumbi ukafunguka, na nje hakukuwa na mji tena. Ilikuwa njia ya Kilungwi asubuhi, udongo mwekundu, ukungu unateremka kwenye migomba, na baiskeli nyekundu inapanda mlima bila mimi kukanyaga chochote. Nimekuwa mwepesi ajabu. Upepo unaingia kwenye shati na kutokea upande wa pili. Najiona kijana.

Nikageuka nyuma ili kama kuna mtu anayenijua, anione.

Ukingoni mwa barabara, kwenye majani yenye umande, zimekaa kilo arobaini na mbili. Nilizihesabu kwa sababu zilikaa kwa mpangilio, kama watoto wa komunio ya kwanza. Kila moja imevaa mojawapo ya mashati yangu ya zamani, yale yasiyonienea tena. Yalikuwa yamezienea vizuri.

"Mbona mmeshuka?" nikapaza sauti.

"Hatukushuka," ikajibu ile ya mwisho, ambayo ilionekana kuwa mdogo wao. "Hukututaja mlangoni."

"Nitawarudia."

"Haya, tunasubiri hapahapa."

Nililijua jibu hilo lilivyo, maana nimelitoa mara nyingi mimi mwenyewe kwa bodaboda. Lakini baiskeli ilikuwa haisimami. Breki zake nilipozibonyeza zilisema, "Tumekusikia, bosi," na hazikufanya lolote.

Tulifika kwa mama. Nyumba ni ileile, mlango ni uleule mwembamba aliouweka baba kwa mbao alizobakiza alipotengeneza kitanda. Mama ameketi ndani anachambua maharage kwenye ungo. Nikaingia moja kwa moja mpaka katikati ya chumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mama, ni mimi. Ni Poli."

Mama hakuacha kuchambua. Alitoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni. "Poli wangu haingii hivyo. Poli wangu huingia kwa ubavu, na mlango hulalamika. Wewe umeingia kama moshi."

"Nimepungua, mama."

"Kupungua siyo hivyo. Anayepungua huja mwenyewe akiwa amepungua. Wewe umekuja ukiwa umepunguzwa kwa mdomo." Akaniangalia kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa na ukali, yalikuwa ya mtu anayemtafuta mwingine nyuma yangu. "Mimi mwanangu nilimbeba. Wakunga wawili walishindwa kumwinua, wakamwita wa tatu. Uzito wake naujua. Aliyebaki yuko wapi?"

"Yuko njiani. Amekaa kwenye majani."

"Basi kamlete. Sipikii nusu mtu."

Nililia. Ndotoni mtu hulia bila kujizuia, na machozi yangu yalikuwa mepesi kiasi kwamba hayakuanguka, yalielea pale usoni yakisubiri. Miezi yote ile nilikuwa nikijiambia kwamba nikifika tu, hata kwa njia gani, mama atafurahi. Nimefika, na mama bado ananisubiri.

Nikateremka. Zile kilo zilikuwa palepale, mbili zimesinzia. Nikaziambia zipande. Zilipanda kwa adabu, moja baada ya nyingine, kila moja ikisema "Hodi," nami nikisema "Karibu."

Ilipopanda ya tano spoki ya kwanza ikakatika. "Samahani, bosi," ikasema. Ya tisa, zikakatika tatu kwa pamoja, zikaomba radhi kwa pamoja. Rimu ikapinda ikawa na umbo la chapati iliyoinuliwa na mtu mwenye haraka. Baiskeli nyekundu ilikuwa bado inatabasamu. "Bosi, wewe ni mwepesi kabisa," ikasema, kisha ikakatika vipande viwili.

Nikarudi ukumbini kwa miguu. Ulikuwa mbali, halafu ukawa karibu.

"Uzito?" kikauliza kipimo mlangoni, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Safari hii watu nyuma yangu walikuwepo kweli. Alikuwepo padri, alikuwepo fundi wangu wa nguo, walikuwepo vijana wote wa bodaboda wa kijiweni petu wakiwa na helmeti kifuani kama wako msibani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nilipokwama kwenye kiti cha kinyozi.

"Kilo mia na thelathini na mbili," nikasema, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani.

Hakuna aliyecheka. Kipimo kikapepesa sindano yake. "Ahsante. Pita, nyote."

Ndani, habari ilikuwa imeshafika. Baiskeli yenye tai ikakumbuka kwamba ina dharura Mikese. Nyingine ikasema inanipenda sana, ila leo inaumwa, iko kwenye dawa. Moja ya kijani ikasimama, ikasema kwa unyenyekevu, "Nisubiri hapo mzee wangu, nakuja sasa hivi," ikatoka kwa mlango wa nyuma. Viti vilibaki vitupu. Nilikaa pale nikifikiri kwamba labda hiyo ndiyo sababu watu husema tisini.

Hapo nikasikia kicheko.

Kwenye kona, chini ya picha ya mtakatifu msimamizi wa parokia, ilikuwa imebaki moja. Nyeusi, kubwa, ya mtumba, rangi imechubuka shingoni. Tairi zake nene zenye meno. Tandiko pana la mtu mzima. Ilikuwa inacheka mpaka kengele yake inalia yenyewe.

"Mia na thelathini na mbili!" ikasema. "Kumbe ndiyo maana milima ya Uluguru imeinama upande mmoja! Ee wewe Mluguru, ulitumwa ulete mkungu wa ndizi mjini, ukaona njia ndefu, ukala mkungu, ukala mgomba, ukala na aliyekutuma!"

Damu ikanipanda. Watu wote wananisifu, wote wananiambia nimenawiri, halafu chuma cha mtumba kinanitukana mbele ya padri. Nikasimama. "Wewe huna adabu," nikasema. "Naomba uniombe radhi. Sasa hivi."

Padri akajifunika uso. Kijana mmoja wa bodaboda akasema polepole, "Yesu wangu, amekasirika."

Baiskeli nyeusi ikanitazama kwa huruma. "Jina langu Luhende," ikasema. "Mimi ni Msukuma wa Kwimba. Tangu lini mtani akaombwa radhi?"

Nikakaa. Nilikuwa nimefanya kosa ambalo hata mtoto wa kwetu halifanyi. Mluguru na Msukuma ni watani tangu babu zao walipopita kwetu na mizigo kichwani wakienda pwani. Mtani akikutukana, unamrudishia, mnacheka, mnakula. Ukikasirika, umevunja nyumba.

"Faini!" kikaita kipimo kutoka mlangoni.

Najua faini ya utani ni jogoo. Nikaingiza mkono mfuko wa shati, nikamtoa mmoja, mwekundu, hana kinyongo. Akaenda mwenyewe kukaa juu ya karia ya Luhende na kukunja miguu.

"Sasa rudisha," Luhende akasema. Ananingoja kwa hamu. "Usinionee huruma. Nitashindwa kukuamini."

Nikavuta pumzi. "Wewe Msukuma," nikaanza, "uliondoka Kwimba ukifuata mkia wa ng'ombe, ng'ombe akachoka na wewe akarudi nyumbani, wewe ukaendelea mpaka kwetu ukiufuata mkia ambao haupo. Tukakupa ndizi, ukaila na ganda, ukasema ugali wa huku una ngozi!"

Luhende akacheka mpaka mnyororo ukatoka kwenye meno yake. Alipourudisha, sauti yake ilikuwa nyingine, ya kazini. "Vizuri. Sasa niulize kama mtu anayenunua."

Nikauliza yote ambayo nilipaswa kuuliza tangu mwanzo.

"Spoki?"

"Thelathini na sita kila gurudumu. Ita."

Nikaita, na kila moja ikajibu "Nipo!" kama darasani. Moja ilichelewa. "Nipo," ikasema, "nilikuwa nakazwa."

"Fremu?"

"Chuma. Si chepesi, na mimi sitakudanganya kwamba ni chepesi. Rimu zina kuta mbili, ngumi ikipita ya kwanza inakutana na ya pili. Shokapu ya mbele ina springi ngumu. Ile laini niliikataa, ungekuwa unapiga magoti kila shimo, na wewe umeshapiga magoti ya kutosha kanisani. Tairi nijaze upepo wa kumtosha mtu wa mia na thelathini na mbili. Ukinijaza upepo wa yule wa tisini, tutalala njiani."

"Na breki?"

"Jiangalie mwenyewe."

Nikainama. Breki zake zilikuwa za diski, na kwenye kila diski ameketi mjomba wangu mmoja, kaka wa mama, wamevaa makoti ya msiba na kofia. Mjomba Kosmasi mbele, mjomba Prosperi nyuma. Kwetu mjomba akisema basi, hata baba mzazi ananyamaza.

"Shikamooni wajomba."

"Marahaba," wakasema. "Tukisema basi, ni basi."

Hapo nikajua nimepata baiskeli. Lakini Luhende aliinua usukani. "Na mimi nina swali. Kwa nini hukutaja uzito wako mara ya kwanza?"

Nilifikiri sana. Jogoo alinisubiri. "Kwa sababu," nikasema, "niliona nikiutaja, hakuna atakayenipeleka kwa mama."

"Na ulipouficha?"

"Nilifika. Ila sikuwa mimi niliyefika."

"Panda," Luhende akasema.

Tuko njiani. Sikumbuki mlango ukifunguka. Kilo zote zimepanda, fremu inatoa mlio, nami nashtuka. "Niko kazini," Luhende anasema, "siumwi." Giya ni ndogo kuliko zote, miguu inazunguka sana na miti inapita taratibu. Jasho linaingia machoni. Huku hakuna upepo wa kuingilia shati upande huu na kutokea ule.

Kwenye mwinuko wa pili pumzi iliniishia. "Mtani," nikasema, "nibebe tu. Nimechoka."

"Sisi watani hubebana siku ya maiti. Mtani akifa nachimba kaburi, nabeba jeneza, na bado namtukana njia nzima. Wewe umekufa?"

Nikajisikiliza. "Bado."

"Basi kanyaga."

Nikakanyaga. Nilimwonea hasira, na hasira hiyo ilinisukuma kona mbili nzima. Kwenye kona ya tatu nikaona kwamba wale wote walioniambia maneno matamu waliniacha chini ya mlima, na huyu anayenitukana yuko chini yangu kila hatua. Nikampenda kwa ghafla. Sikumwambia, asije akanitoza faini.

Penye mawe makubwa nilishuka, nikamkokota. Zile kilo nazo zikashuka, zikatembea pembeni yangu zikizungumza habari za mashati. Hakuna aliyeona aibu. Halafu tukapanda tena wote.

Mama alikuwa mlangoni. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko, alikuwa anatwanga muhogo. Aliposikia mlio wa fremu alisimama, akakinga jua.

"Poli?"

"Ndiyo, mama. Wote."

Akaonyesha mlango kwa kidevu. Nikageuka ubavu, nikaingia nusu, na mlango ukalalamika, na nikakwama. Nilikwama vizuri, kama zamani. Nikasikia mama anacheka nyuma yangu kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau kilivyo, kile cha pumzi za puani. Kisha akaja, akaweka viganja vyake viwili mgongoni kwangu, akasukuma kwa nguvu zake zote za uzee.

"Ingia, mwanangu. Ingia."

Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi. Skolastika anakunja chandarua. Mimi nimekaa kitandani kifua wazi, nahema kama niliyetoka mlimani. Kabla sijapoteza ujasiri nikamwambia, "Mama Gaudensia, mimi nina kilo mia na thelathini na mbili."

"Najua," akasema, bila kugeuka. "Hiki kitanda nani unadhani anakipigilia misumari?"

Nikacheka. Naye akacheka, akaja kukusanya shuka upande wangu. Akasita.

"Hebu geuka. Umelalia nini?"

"Sijalalia kitu."

Alinigusa mgongoni kwa kidole, akakinusa. "Ni unga wa muhogo," akasema. Nyumbani kwetu hatuli muhogo, Gaudensia unamdhuru tumbo. Akasogea karibu na dirisha ili aone vizuri. "Ni viganja viwili," akasema. "Vidogo. Cha kushoto, kidole cha mwisho kimepinda nje."

Kidole hicho mama yangu alikipindisha akiwa msichana, na hakikurudi tena.

Skolastika akachukua kanga ili anifute. Nikamshika mkono, nikamwambia aache. Nikavaa shati juu ya viganja hivyo polepole, nikaenda kununua baiskeli.